Mgongo Ambao Haukubonyezwa

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha utangulizi wa marekebisho ya uti wa mgongo, Bi Taratibu anastaafu rasmi tarehe 30 ya mwezi huu. Jina lake halisi limo kwenye cheti atakachokabidhiwa leo, ila ukilitaja hapa chuoni utaonyeshwa mlango wa mtu mwingine. Mwandishi wa wasifu huu anafundisha anatomia katika chumba cha pili, na kwa miaka mingi ametenganishwa naye na ukuta mwembamba tu. Mengi yaliyomo humu aliyaona kwa macho yake, na yaliyobaki aliyasikia apende asipende.

Alikuja kama tabibu wa mgongo katika zahanati ya chuo. Aliombwa alishike darasa la mwaka wa kwanza kwa muhula mmoja, mpaka apatikane mwalimu. Mwalimu huyo bado anatafutwa.

Wanafunzi wapya huja na tamaa moja: kusikia pingili ya mgongo ikilia ko! Wameshatazama video za kutosha na mikono inawawasha. Bi Taratibu huwapokea kwa karatasi. Kila mmoja huweka unywele chini ya karatasi moja na kuutafuta kwa ncha za vidole akiwa amefumba macho, halafu chini ya karatasi mbili, halafu tano, hadi vidole vizoee kusikia kitu kidogo. Unywele ni wa mwalimu mwenyewe. Wanafunzi wa zamani waliutafuta mweusi, wa siku hizi wanautafuta mweupe, na wote wamelalamika kwa maneno yale yale, kwamba hawakuja chuoni kusomea ususi.

Baada ya nywele hufuata sifongo juu ya mizani ya bafuni, ili wajue tofauti ya msukumo mfupi wa haraka na kumwangukia mtu kama gunia. Kisha huja Shemeji, uti wa mgongo wa plastiki unaoning'inia karibu na dirisha, ambao kila mtu lazima aushike kwa heshima. Mwisho kabisa hulala wao wenyewe vitandani, wakapapaswa na wenzao, maana kwa Bi Taratibu mtu asiyejua baridi ya mikono ya mwenzake hana ruhusa ya kuinua ya kwake.

Kuna mwaka ambao kijana mmoja mwenye kifua kipana alisukuma mgongo wa mwenzake, ikasikika ko! ya kutikisa madirisha. Darasa zima lilipiga makofi naye akainama kushukuru. Bi Taratibu alimwomba aliyelala ashuke, akasukuma kitanda kikiwa kitupu. Kikalia vile vile. Kilichokuwa kikilia ni kile kipande cha kitanda kinachoshuka kidogo ukikisukuma, na mwalimu alikipigia makofi na chenyewe, ili haki itendeke.

Kanuni yake ilikuwa fupi: omba ruhusa, uliza, papasa, gonga kwa vidole, ndipo uamue. Ruhusa aliiomba kwa kila mtu. Mumewe, fundi seremala aliyetutengenezea viti vya darasani, husema kwamba hata kwake nyumbani hakumbatiwi kabla hajaulizwa.

Mtihani wake wa mwisho ulifanyika muhula huu. Kulikuwa na binti aliyekwisha kufeli mara mbili kwa sababu moja: ikifika saa ya kusukuma, mikono yake inatetemeka. Akifeli ya tatu, kanuni za chuo zinamtaka afungashe. Siku hiyo mgonjwa wa kujitolea hakutokea, na Bi Taratibu, ili binti asikose nafasi yake, akavua viatu na kulala kifudifudi yeye mwenyewe. Mkuu wa idara na mwandishi huyu tulikaa pembeni kama watahini.

Binti aliomba ruhusa. Alipapasa, akashuka pingili moja baada ya nyingine akigonga kwa upole, na chini kidogo ya mbavu mwalimu akabana pumzi. Binti akauliza kama amewahi kuanguka. Jibu lilitoka kwenye tundu la uso la kitanda, kwa mkato: aliteleza kwenye ngazi za stoo juzijuzi, si kitu, ni uchovu tu, aendelee. Binti akaondoa mikono. Mkuu wa idara alimkumbusha kwamba fomu ya mtihani haina alama ya kutofanya kitu. Bi Taratibu naye akamwambia tena aendelee, safari hii kwa sauti ambayo sisi tuliomzoea tunaiogopa.

"Samahani, mwalimu," binti akasema, "mgongo huu siubonyezi. Upigwe eksirei kwanza."

Mikono yake, kwa taarifa, haikutetemeka. Mkuu wa idara aliandika sifuri, na binti akatoka chumbani kama mtu anayekwenda kufunga sanduku. Chumbani hakuna aliyekuwa na raha, na aliyelala kitandani hakuwa nayo zaidi ya wote.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Picha ya eksirei ya kesho yake ilionyesha pingili yenye ufa, na daktari akaeleza kwamba msukumo mmoja ungeweza kuimaliza. Binti angelisikia la mkuu, kingevunjika kitu kikubwa kuliko guu. Mganga hajigangi, tunalijua hilo, lakini huyu alikaribia kuwaamuru wengine wamwumize.

Bi Taratibu alikwenda mbele ya kamati ya mitihani akiwa amefungwa mkanda wa mgongo, wima kama Shemeji. Alisema alikosea yeye, na kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kuona mtihani uliofanywa vizuri kuliko ule. Binti amefaulu. Fomu ya mtihani sasa ina mstari mpya, wenye alama nyingi kuliko yote, wa mwanafunzi anayejua mgongo wa kuuacha.

Bi Taratibu, asante kwa nywele zako na kwa mikono uliyoifunza, ambayo leo imejaa katika zahanati za watu. Tutakukosa, na ukuta wetu utakuwa kimya mno. Nenda salama, upone vizuri, na siku zako za mapumziko ziwe ndefu na nyepesi.

Kwa wageni waalikwa: baada ya hotuba mtapata nafasi ya kumuaga. Mkanda bado anao. Anayetaka kumkumbatia aombe ruhusa kwanza. Na akikubali upesi mno, mwulizeni yule binti aliyekaa kulia kwake.