Cha Kupunguza Nyumbani kwa Sindano

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali, kwenye kona ambapo ukuta wa duka la rangi unakinga jua la asubuhi. Mwanzo wa ubao hukaa Waziri, dalali wa vyumba vya kupanga. Tangu watu waache kuhamahama hana cha kudalalia, kwa hiyo anaendesha uchumi wa nchi. Anayefuata ni Breki, dereva mstaafu wa lori, ambaye hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Mimi wananiita Msomi, nadhani zaidi kwa sababu ya miwani kuliko shahada. Mjomba ndiye mwenye kahawa. Birika lake likikauka, kikao kimefungwa. Asubuhi hiyo Sindano, fundi wa nguo, alikuja akakaa, akashika kikombe kwa mikono miwili kama mtu aliyenyeshewa.

— Uso huo ni wako au umeazima? aliuliza Waziri.

— Mama watoto kanipa mtihani, alisema Sindano. Kaniambia, “Jioni uniambie unapunguza nini.”

— Ukamjibu nini?

— Suruali ya mwalimu, kiunoni.

Tulicheka. Kwa fundi wa nguo neno hilo lina maana moja tu.

— Yeye hakucheka, Sindano aliendelea. Saluni ameacha, anasukwa na jirani. Sabuni ananunua mche mzima, anakata mwenyewe vipande. Sokoni anakwenda kwa miguu, tena jioni, bei zikishalegea. Anasema vyake vimekwisha, sasa ni zamu yangu. Kitu kimoja tu. Nikikosa, yule binti yetu mdogo anakwenda kukaa kwa shangazi yake mpaka hali itengemae.

— Shangazi yupi?

— Wa mbali.

Kicheko kilikatika. Binti huyo tunamfahamu sote. Akija kumwita baba yake chakula cha mchana, hutuamkia mmoja mmoja kwa kufuata mstari wa benchi, hamruki mtu.

— Basi nisaidieni, alisema Sindano. Nipeni cha kupunguza.

— Hilo dogo, alisema Waziri. Taa. Kwangu mimi jua likizama na sisi tumezama. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Sisi tumeshaona ya kutosha.

— Mtoto anasomea taa hiyo.

— Asome mch...

— Achana na taa, alidakia Breki. Friji. Chomoa friji leo leo. Si umesikia akiba haiozi?

— Mjomba, mwongezee huyu kahawa, alisema Waziri, bado amelala.

— Mimi niko macho. Akiba haiozi, ya friji ni nini?

Mjomba alimpita Breki, akammiminia Sindano kikombe cha pili. Sindano alikunywa, akatikisa kichwa.

— Friji hatuna, Breki. Tulikuwa nayo ya kukodi, tumeirudisha.

— Unaona? Umeshapunguza. Kamwambie.

— Aliyeirudisha ni yeye.

Breki alijikuna kidevu. Waziri alisogea mbele, dalili kwamba hoja kubwa iko njiani.

— Sikiliza. Tatizo lako si matumizi, ni saa. Saa ya ukutani unayo?

— Ninayo.

— Ikifika saa kumi na mbili jioni, isogeze mbele mpaka saa nne usiku. Watoto wakiuliza chakula, waambie kimeshapita, walale. Mvumilivu hula mbivu.

— Na asubuhi?

— Asubuhi unairudisha nyuma. Chai nayo inakuwa haijafika.

— Watoto wana njaa, hawana saa, alisema Mjomba, akipangusa sinia.

— Mimi niliziba dirisha la jikoni, Breki akaingilia. Mbao na misumari. Harufu haitoki, jirani habishi hodi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Na moshi?

— Moshi tunakula nao.

Sindano alicheka kwa mara ya kwanza, akanyoosha kikombe tena. Kisha uso wake ukarudi ulivyokuwa.

— Ndugu zangu, taa ya mtoto, dirisha la mama, chakula cha watoto. Yeye kaniuliza changu. Msomi, hebu sema wewe. Kwako umepunguza nini?

Sikuwa na jibu la kupendeza. Nilimwambia lililopo.

— Tangu mke wangu afariki, bado napika cha watu wawili. Kila siku naazimia kupunguza, kila siku mkono unapima vilevile.

Mjomba alinijazia kikombe, na nilipogusa mfuko akanizuia kwa kidole.

— Hicho chakula cha mtu wa pili, alisema Breki taratibu, uwe unanipigia simu.

— Utakuja na dirisha lako? nilimuuliza.

Kicheko kilirudi, na mimi nilikuwemo. Waziri alikuwa anaanza kueleza jinsi mtu anayetafuna polepole anavyoweza kuishi kwa nusu sahani, mwanamke mmoja alipotokea upande wa pili wa barabara. Alikuwa na mfuko mkubwa begani. Aliutua, akajifuta jasho.

— Hamjambo, kaka zangu?

— Hatujambo, dada.

— Samahanini. Fundi wa lile duka la mlango wa bluu huwa anafungua saa ngapi?

Waziri alitazama ndani ya kikombe. Breki alimtazama Sindano. Mimi nami nilitafuta jibu: nimekaa na Sindano ubao mmoja karibu kila asubuhi, na sikulijua.

— Juzi nimekuja, jana nimekuja, alisema yule mama. Nina sare za shule za wanangu. Nataka ziachiliwe upindo ziwafikishe mwisho wa mwaka, mpya sina uwezo nazo. Leo nikimkosa nazipeleka kwa yule wa stendi.

Sindano alisimama.

— Anafungua sasa hivi, mama.

— Kumbe unamfahamu?

— Kidogo. Nipe mfuko nikubebee.

Alikifunika kikombe chake kifudifudi juu ya sinia.

— Mjomba, kuanzia kesho usinihesabu kwenye kahawa. Nimepata cha kumwambia mama watoto.

— Na sisi je? aliuliza Breki.

— Ninyi tutaonana Jumapili.

— Haraka haraka haina baraka, Waziri alimwitia.

Sindano hakugeuka. Alikuwa ameshavuka barabara, akimweleza yule mama kwamba upindo wa sare ya shule una siri yake. Tulisikia mlango ukikwaruza sakafu, na baada ya muda cherehani ikaanza kuimba. Waziri alitoa simu, akaangalia kama kuna mpangaji aliyempigia. Breki alikumbuka kwamba bomba la jikoni kwake linavuja tangu juma lililopita. Mjomba alilishika birika hewani, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

— Kuna mwingine anayetafutwa? aliuliza. Aseme mapema, nijue kesho nichemshe maji kiasi gani.