Mhandisi Nasipwondi Barnabas, Mama Aliyelivunja Bawa Lake Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuvunja mali ya kampuni kwa idhini ya kampuni, Mhandisi Nasipwondi Barnabas anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Vitu vilivyosalia vizima katika karakana yetu vinaombwa vitulie hadi siku hiyo ipite.

Kwa wasomaji wa jarida hili walio mbali na wanaomjua kwa saini tu, huyu ndiye mkuu wa Idara ya Majaribio hapa Mbaraki Anga, karakana ya kubuni na kuunda sehemu za ndege ndogo, iliyomo ndani ya ghala kuukuu ambalo mvua ikinyesha bado linanukia kahawa. Kazi ya wengine humu ni kuunda. Kazi yake yeye ni kuchukua kilichoundwa na kukitesa mpaka kikiri udhaifu wake. Mwandishi wa wasifu huu, Kamaludin wa chumba cha michoro, amevunjiwa kazi zake nyingi na mama huyu, na wakuu wakaona hiyo ni sifa tosha ya kupewa kalamu.

Alifika Mombasa mwaka 1994 kutoka Bungoma, na shahada yake ya uhandisi mkobani na haraka nyingi miguuni. Haraka hiyo ilimtesa. Alikuwa akienda kwa fundi kuomba spana, naye fundi akitaka kwanza aulizwe hali, kisha habari za nyumbani, za watoto, na za tangu jana walipoachana. Mama Wendy, kama tunavyomwita kwa jina la binti yake, alidhani anachezewa. Leo ametupita sote. Wauzaji wa vyuma humpigia simu kuhusu bei na salio huwaishia kabla hajamaliza kuwauliza habari za wakwe zao.

Kazi yake ya kwanza iliyomtoa ilikuwa kiti. Viti vya ndege ndogo za wakati huo vilikuwa vigumu kama benchi la kituo cha polisi, na ndege ikitua kwa kishindo, kishindo chote kilimalizikia kwenye uti wa mgongo wa abiria. Mama Wendy akabuni miguu ya kiti inayojikunja polepole na kulibeba pigo lenyewe. Kwa kuwa hatukuwa na sanamu ya kufanyia majaribio, alichukua gunia la mchele, akalivalisha shati kuukuu la Griffins, ambaye wakati huo alikuwa karani wa manunuzi na sasa ni mkurugenzi wetu mpendwa. Gunia hilo alilipa jina la Mheshimiwa, kwa sababu, alieleza, linakaa kitini siku nzima na halifanyi kazi yoyote.

Mheshimiwa aliangushwa kutoka kwenye winchi mara nyingi kuliko heshima inavyoruhusu. Siku alipopasuka, mchele ulimwagika karakana nzima, na mchana ule Bimdogo, mkuu wa jiko letu, alitupakulia pilau bila kutuambia imetoka wapi. Tulikula, tukashukuru, na miguu ya kiti ikaongezwa unene.

Miaka baadaye ndege yenye viti hivyo ilitua vibaya kwenye kiwanja cha mchanga kisiwa kimoja huko kaskazini. Abiria wote walishuka kwa miguu yao wakimtukana rubani kwa sauti. Taarifa ilipotufikia, Mama Wendy alifurahi mno kwa matusi yale, akasema ili mtu atukane namna hiyo sharti awe na mgongo na mapafu.

Kisha zikaja ncha za mabawa zilizopinda juu, ambazo hupunguza kisulisuli cha hewa kinachozaliwa ukingoni mwa bawa na kuivuta ndege nyuma. Ndege zilizofungwa ncha hizo zilianza kwenda mbali zaidi kwa mafuta yaleyale. Nilipowaonyesha picha wazee wa baraza ya kwetu Kibokoni, mmoja aliniuliza kwa huruma ndege hiyo iligonga ukuta gani. Nilimpelekea Mama Wendy swali hilo kama lilivyo, akalibandika mlangoni mwa ofisi yake. Bado lipo.

Lakini anayetaka kumjua mama huyu sharti aijue desturi yetu ya chaki, ambayo yeye ndiye aliyeianzisha. Kila aina mpya ya bawa inayoundwa hapa, moja huvunjwa kabla ya jingine kuruka. Hugeuzwa juu chini, likafungwa ukutani, kisha likapangiwa mifuko ya mchanga kidogokidogo mpaka livunjike. Wafanyakazi wote hualikwa, na kila mmoja huweka alama ya chaki pale anapodhani litavunjikia. Atakayekaribia zaidi hupikiwa biriani na walioshindwa. Bimdogo huweka alama yake kila mara palepale bawa linapoungana na mwili, kwa hoja kwamba hata la kuku huachia hapo, na kila mara hushindwa.

Mama Wendy naye hajawahi kushinda. Miaka yote hii, mkuu wa majaribio, mwenye hesabu zote kichwani na kwenye kompyuta, amekuwa akiwapikia biriani mafundi, madereva na safari moja mgeni aliyekuja kurekebisha paa. Sisi hucheka. Yeye husema angekuwa anajua litavunjikia wapi, asingetusumbua kubeba mchanga.

Sasa tufike kwenye bawa lenyewe. Kwa miaka mingi alikuwa akibuni bawa jipya la nyuzi za kaboni, jembamba, refu, jepesi, lililounganishwa kwa gundi badala ya misumari ya ribiti, ili chumvi ya pwani isipate tundu la kuingilia na kuanza kula chuma. Bawa hilo lingebeba abiria walewale kwa mafuta kidogo zaidi. Alilichora, akalifuta, akalichora tena. Na jambo moja tu alilitaka kabla ya kustaafu, nalo hakulificha: kuliona likiruka, yeye akiwa bado mfanyakazi wa hapa, na kofia yake ya karakana kichwani.

Mwezi wa Machi mwaka huu jozi ya kwanza ilikamilika, la kushoto na la kulia. Rubani wetu wa majaribio, Kitsao, alipangiwa kuirusha ndege Jumatano moja ya mwezi wa Mei. Wanunuzi walikwisha alikwa. Wakaguzi walikuwa radhi kwa hesabu za kompyuta na jaribio la uzito wa nusu, na hakuna sheria iliyotulazimisha kuvunja kitu kabla ya ndege hiyo kwenda hewani. Griffins alimsihi kwa upole. Alimweleza kuwa akilivunja la kushoto, kuunda jingine kutachukua miezi, majaribio yatasogea, na yeye Mama Wendy atakuwa amekwishaaga. Isitoshe, hesabu zote ni zake mwenyewe.

Mama Wendy alimjibu, "Hesabu ni zangu, Griffins. Ndiyo maana nataka kuona."

Siku ya kulivunja, mwezi wa Aprili, Kitsao alikaa juu ya kasha akinywa maji ya ukwaju na kulalamika. Alikuwa na ndege ya kurusha, na hapa watu wazima wanacheza na mchanga. Chaki zilipigwa, mizaha ikapigwa, mifuko ikaanza kupangwa. Hatukufika mbali. Bawa lililia mlio mmoja mkavu, ngozi yake ikaachana na boriti ya ndani, na mchanga wote ukamwagika sakafuni. Alama zote za chaki zilikuwa mbali na palipoachia. Uzito uliolivunja ulikuwa chini ya ule ambao Kitsao angekutana nao kwenye kona yake ya kwanza ya nguvu, juu ya maji.

Hakuna aliyezungumza habari ya biriani. Kitsao aliweka gilasi chini, akatoka nje. Tulimkuta amekaa ukutani upande wa gati, amempigia simu mkewe, Mejumaa, anamwuliza, "Wapika nini leo?" Mejumaa, ambaye katika ndoa yao yote hakuwahi kupigiwa simu ya namna hiyo, alitaka kujua amefanya kosa gani.

Mama Wendy alilia. Naliandika hili kwa sababu ameniruhusu, na kwa sababu wapo wapya wanaodhani amezaliwa na bisibisi mkononi. Alilia kidogo, akapangusa uso kwa tambara la grisi, jambo lililomwachia masharubu, kisha akapiga magoti kwenye mchanga na kuanza kuitazama gundi. Ilikuwa nyeupenyeupe, ikiambuka kama ganda la yai la kuchemsha.

Sababu yake haikuwa ya kiuhandisi hata kidogo. Chumba cha gundi ndicho chumba pekee humu chenye hewa kavu na ubaridi, maana gundi ile hailitaki joto la Mombasa wala unyevu wake. Na bawa lilibandikwa mwezi wa Machi, jua likiwa utosini, na ndani ya Ramadhani. Waliofunga walikuwa wakiingia humo baada ya adhuhuri kupumzisha mbavu. Wakristo wetu kutoka bara, ambao hawakufunga hata mlo mmoja, nao waliingia kwa kuonyesha mshikamano. Mlango ulikuwa ukifunguliwa na kufungwa mchana kutwa. Nguo zilizolowa jasho zilitundikwa humo. Joy wa mapokezi alihamishia humo mimea yake miwili na akaimwagilia maji. Unyevu wote huo ulikwenda kukaa kwenye gundi, na kompyuta haikuambiwa.

Mkutano ukaitishwa, na kila mtu alikuja akiwa amekwishaandaa jina la mwenzake. Mama Wendy alisimama kwanza. Alisema aliyeanza kuingia mle ni yeye, tena siku ya kwanza ya joto, na kiti alikibeba mwenyewe. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kumnyooshea mtu kidole. Hata Griffins alikiri mto mmoja wa kulalia uliokutwa humo ulikuwa wake.

Ufunguo wa chumba kile ukakabidhiwa Bimdogo, uamuzi ambao naamini umeusaidia usalama wa anga kuliko michoro yangu yote. Mkurugenzi mwenyewe alijaribu kuingia mwezi wa Juni akiwa na wageni, akaambiwa, "Hata uwe nani, humu huingii." Wageni walivutiwa sana. Mama Wendy naye aliongeza hatua mpya katika kazi: kila siku ya kubandika, kipande kidogo hubandikwa pembeni kwa gundi ileile, kikang'olewa kesho yake kwa nguvu, na kikitoka kwa urahisi, bawa zima linaanzwa upya. Karakana mbili za nje zimekwisha kuiomba njia hiyo. Tumewapa, isipokuwa Bimdogo.

Mabawa yaliundwa upya, matatu safari hii. Oktoba tulilivunja moja. Mifuko ilipangwa ikafika kikomo kinachotakiwa, ikapita, mchanga ukatuishia, ikabidi tuagize mkokoteni wa mchanga mwingine kutoka kwa jirani anayejenga. Lilipovunjika hatimaye, tulipiga makofi kama watu waliopagawa. Alama ya Mama Wendy ilikosea kwa urefu wa mkono. Alipika biriani Jumapili yake nyumbani kwake Ganjoni, na fundi Kyalo, aliyeshinda, alipakua mara tatu bila haya.

Mabawa mawili yaliyosalia yataruka Januari. Yeye atakuwa amestaafu. Griffins alimwomba abaki hadi wakati huo, hata kwa mkataba mfupi, naye akakataa. Alisema bawa likihitaji yeye asimame chini yake ndipo liruke, basi lirudishwe karakana. Tiketi ya kwenda Bungoma kwa mjukuu wake amekwisha kuikata. Tulipomwambia tutamwalika kama mgeni wa heshima, alituuliza mgeni wa heshima hufanya kazi gani, na sote tukamkumbuka Mheshimiwa.

Inatuuma. Tulitaka alione. Wiki jana alipita kwenye yale mawili, akayagonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua tikiti maji, akasema yako sawa, akaenda kunywa chai. 

Mama Wendy, tunakushukuru kwa viti, kwa ncha, kwa biriani zote ulizoshindwa, na kwa kutufundisha kuvitilia shaka vitu vyetu wenyewe kabla ya kuwapandisha watu wengine juu yake. Kofia yako ya karakana ondoka nayo. Tumekwisha andika kuwa imevunjika katika majaribio.

Maisha mema, Mhandisi, tunakutakia sote. Kitsao ameomba jina lake liandikwe peke yake, chini ya yetu, kwa kuwa sisi tunakutakia maisha na yeye anakutakia akiwa bado nayo.