Kahawa ya Evanthia

Fotis, kaa hapo dirishani. Nawe Areti, baki ulipo, maana najua umechagua kiti kilicho karibu na mlango ili uondoke upesi. Sikuwaita mje kutazama ukuta. Watoto wangu ni nyinyi wawili, sina wengine, na hamjasemezana tangu siku tuliyomzika mama yenu, huu mwaka wa nne. Nipeni masikio yenu, wanangu. Daktari ametaja siku, hakutaja wiki, na mimi niliyefundisha hesabu maisha yangu yote najua tofauti yake.

Nianze na yaliyo mepesi. Nyumba hii ni yenu nyote, na asitokee mmoja wenu akajenga ukuta katikati ya sebule kama walivyofanya watoto wa marehemu Stergios, ambao leo mmoja ana meko bila dirisha na mwingine ana dirisha bila meko. Mzabibu wa uani, Fotis aupogoe na Areti auvune, kwa sababu Fotis hana subira ya kuvuna na Areti hana moyo wa kukata. Vitabu vyangu vipelekeni shuleni. Kitabu cha sala cha mama yenu ni cha Areti. Hakikuwa changu hata nikigawe.

Sasa sikilizeni lililo zito.

Mmekulia katika kijiji chenye mikahawa miwili inayotazamana, mmoja wa viti vya bluu na mwingine wa viti vya kijani, na katikati yake ni barabara ya hatua sita. Nimeihesabu. Mnajua kwamba mtu wa chama cha bluu hakununua hata kiberiti kwa wa kijani, wala wa kijani kwa bluu, na kwamba mimi nilikuwa wa bluu, na mjomba wenu Thimios, kaka wa pekee wa mama yenu, alikuwa mwenyekiti wa wale wengine. Chama chao kiliposhika serikali nililetewa barua ya kunihamishia kisiwani. Nilikaa huko miaka miwili, mama yenu akabaki hapa peke yake na nyinyi, Areti hajaachishwa ziwa.

Kwenye viti vya bluu waliniambia, "Mwalimu, unaumiza kichwa bure. Kule kwao nani mwingine anayejua kuandika barua ya kumchongea mtu serikalini?" Wakacheka, nami nikaamini. Sikupata ushahidi wakati ule, na sijaupata hadi leo. Watoto wa watu niliwanyima alama kwa jibu lisilo na uthibitisho, lakini shemeji yangu nilimhukumu kwa kicheko cha mkahawani.

Niliporudi, Thimios alikuja hapo uani amebeba jibini kwapani. Akaniambia, "Shemeji, naapa kwa mifupa ya mama yangu, si mimi." Nikamjibu, "Mifupa ya mama yako haijui kuandika. Wewe unajua." Aliweka jibini lake ukingoni mwa kisima akaondoka. Neno lile lilizunguka kijiji kizima, watu walilirudia miaka mingi wakishika mbavu, na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia mtu hodari. Ulimi hauna mfupa, lakini wangu ulivunja mifupa ya watu.

Tangu siku hiyo sikuketi mahali alipoketi yeye. Mama yenu alikuwa akimpelekea kaka yake pai ya mboga kila Jumapili kwa njia ya nyuma, akiificha chini ya aproni, na mimi nikijifanya nasoma gazeti. Hakunilaumu. Jioni aliwasha taa ya mafuta mbele ya picha takatifu, nami nilimtania, "Unamwangazia nani, Evanthia?" Naye alinijibu, "Nakuangazia wewe, mzee, usije ukajikwaa." Sasa naiwasha mwenyewe. Msiniulize kama naamini. Mkono wangu unaamini. Hufika kwenye kiberiti kabla yangu.

Siku tatu kabla hajafa aliniambia, "Anesti, kahawa yangu ya msiba isiwekwe mkahawani. Iwekwe kanisani, barazani. Nataka Thimios ainywe." Sikuhitaji kuuliza kwa nini. Sisi hapa kila anywaye kahawa chungu ya maziko husema, "Mungu amsamehe," na mama yenu aliamini kwamba kila kinywa kinachosema hivyo humwondolea marehemu mzigo mmoja. Alikitaka kinywa cha kaka yake. Nikamwahidi.

Siku ya maziko mvua ilinyesha. Mwenye mkahawa wa bluu alikuwa ameshawasha jiko na kupanga vikombe, akasema, "Mwalimu, usiwaloweshe watu, njooni ndani," nami nikaingia. Miaka minne nimejiambia kwamba ni mvua iliyoamua. Mvua haikuamua kitu. Baraza la kanisa lina paa.

Thimios alisimama nje barabarani, kofia mkononi, maji yakimtiririka kichwani, na nyuma yake wenzake wamejaa mlangoni mwao. Areti, wewe uliona, ukachukua sinia lenye kikombe kimoja ukatoka. Na kaka yako akasimama akakupigia kelele mbele ya kijiji kizima: "Rudisha hicho kikombe! Asiyeingia hanywi!" Ukamtazama, ukaliweka sinia chini kwenye maji. "Basi mnywe wenyewe," ukasema, ukamshika mjomba wako mkono mkaenda zenu. Kikombe kilibaki pale. Nilikitazama kupitia kioo kikijaa mvua hadi kahawa ikafurika, na hakuna aliyekwenda kukiokota.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Areti, maneno yale hayakuwa ya kaka yako. Mimi ndiye niliyemshika bega nikamwambia sikioni, "Mzuie dada yako. Kahawa ya mama yako haitoki nje kuwafuata wale." Alinitazama kama mtu asiyesikia vizuri. Nikamwambia tena. Ndipo akasimama.

Miaka minne umemwita mtu wa moyo wa jiwe, na hakukujibu hata mara moja kwamba alitumwa. Mimi nilikuwa nikingoja aseme yeye, ili nisilazimike kusema mimi. Alinyamaza kwa kumheshimu baba yake, na baba yake akaitwaa heshima hiyo akajificha nyuma yake. Fotis, nisamehe. Areti, nisamehe. Hapana, msiseme kitu bado. Pumzi ni chache na nina mawili ya kuagiza.

La kwanza. Mifupa ya mama yenu ilipaswa kufukuliwa mwaka jana, kama tunavyowafanyia wafu wetu wote wakitimiza miaka mitatu kaburini, ioshwe na kuwekwa sandukuni. Padre Grigoris amenikumbusha mara mbili, na mara zote mbili nimemwambia mwezi ujao, kwa sababu kazi ile inataka watu wawili wa damu yake, mmoja wa kuosha kwa divai na mmoja wa kupokea kwenye kitambaa cheupe, nami sikuweza kuwaita pamoja kabla ya kusema haya. Basi mkinifungulia kaburi lake nizikwe humo, mtoeni. Fotis aoshe, Areti apokee. Mikono yenu itagusana. Kama hamna la kusema, msiseme. Sanduku lake liwekeni miguuni pangu.

La pili. Kahawa yangu iwekwe barabarani, katikati. Chukueni viti huku na huku, vya bluu na vya kijani, mvichanganye. Mvua ikinyesha, watu waloe, yeye aliloa. Na kikombe cha kwanza, Fotis, umpelekee mjomba wako kwa mkono wako mwenyewe. Mwambie ni cha dada yake, kimechelewa. Ana miaka themanini na sita, lakini atakuja. Akikikataa, usikasirike wala usirudi nacho. Simama naye hapo hadi kipoe, kama alivyosimama yeye. Ningepaswa kumpelekea mimi. Miguu nilikuwa nayo miaka yote hii... hatua sita tu, nami sikuzipiga.

Niinueni kidogo. Hapo, inatosha. Areti, taa... mafuta yamepungua. Ongeza. Ahsante, mama.

Sogeza hicho kiti, mwanangu, mlango hauondoki. Huo mkono... mpe kaka yako. Naam.

Mungu awape uzee wenye watu ndani yake. Awape ndimi nzito... na miguu myepesi. Mizabibu yenu izae. Na mama yenu... aone kwamba mmekuja pamoja.

Fotis. Usikijaze sana hicho kikombe. Beba taratibu... kisimwagike.