Mzee Pranlal Anataka Kwenda kwa Barabara

Nje ya mkahawa wa Mturuki mmoja, karibu na stesheni ya Auburn, Sydney, pana benchi ambalo Waafrika wa mtaa huo wamelifanya kijiwe. Kila Jumamosi mwenye mkahawa huwaletea kahawa nyeusi na kuwaacha wabishane. Yupo Wainaina, dereva wa lori kwenye maghala ya Wetherill Park, ambaye hapo huitwa Gia. Yupo Maxwell, Mkenya wa ofisini mjini, aliyepewa jina la Seneta kwa kupenda kuhutubia. Yupo Révérien, Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, msafishaji wa maofisi, nao humwita Profesa. Na yupo Mzee Pranlal, Mhindi wa Makadara, Mombasa, ambaye kwa Kiswahili anawashinda wote. Figo zake zimekufa, na maisha yake yamefungwa kwenye mashine ya hospitali inayomsafisha damu.

Tangu baridi ianze, kijiwe kilikuwa kinapanga safari yake. Siku mzee alipounganishwa na mashine mara ya kwanza, mkewe, Bi Ramila, aliweka nadhiri kwamba wataenda kuabudu katika mahekalu matatu: la Helensburgh, la Canberra, na la Carrum Downs kule Melbourne. Wataenda kwa barabara, maana ndege aliiogopa. Ikawa Ramila ndiye aliyetangulia, moyo ulisimama akiwa jikoni, na nadhiri ikabaki kwa mgane wake.

Wainaina alikubali kuendesha bila kufikiri mara mbili. Alipofika Sydney akiwa mwanafunzi asiye na mtu, alipanga chumba cha nyuma kwa wazee hao, na hata arudi saa ngapi alikuta mbaazi za nazi zimefunikwa mezani. Likizo alikwisha kuiomba kazini akapewa. Wangeondoka Ijumaa.

Kilichobishaniwa Jumamosi hiyo ni mashine. Seneta alitaka waziri aandikiwe atoe ambulansi, kwa kuwa mzee ameilipa serikali kodi miaka yote. Profesa aliona ambulansi ni ndogo.

— Tukodi karavani, alisema. Mashine ndani, jenereta nyuma. Kule kambini watu walipasuliwa chini ya turubai wakapona. Njo tushindwe huku?

— Na maji, Profesa? Wainaina aliuliza. Hiyo kitu inakula tangi zima.

— Tutaegesha kando ya mto.

Seneta akapanda juu zaidi, akataka helikopta iwafuate hadi Albury. Profesa naye akaja na elimu mpya: damu ya mtu huchafuka kwa sababu ya kukaa mjini na mawazo; njiani, kwenye upepo wa baridi, itatulia na mashine haitahitajika. Alipoulizwa amesoma wapi, alisema mambo mengine hayasomwi. Mzee Pranlal alicheka kidogo, akashika ubavu. Wainaina hakucheka. Alikuwa anatazama miguu ya mzee, jinsi ilivyovimba mpaka kamba za makubazi zimezama ndani ya nyama.

Ndipo alipofika Elvire, mpwa wa Profesa, nesi aliyehamia wiki hiyo kutoka Brisbane. Alikuwa amekuja kumchukua mjomba wake tu. Alimsalimia mzee kwa mikono miwili, akakaa, nao wakamweleza mpango wao kwa fahari: Helensburgh siku ya kwanza, walale Goulburn, kisha Canberra, kisha Albury, kisha Melbourne. Elvire alisikiliza huku macho yake yakiwa pale pale yalipokuwa ya Wainaina, miguuni pa mzee.

— Bon, alisema. Kwenda nimesikia. Kurudi ni lini?

 Jumamosi zote zile, hakuna aliyetamka neno la kurudi. Wote wakamgeukia mzee.

— Kahawa yapoa, wanangu, alisema.

 Wainaina alikumbuka kwamba Jumanne iliyopita alimkuta mzee hapo hapo benchini, na Jumanne ni siku ya mashine.

— Mzee, hospitali ulienda lini mara ya mwisho?

Mzee Pranlal aliweka kikombe chini. Aliwaeleza bila haraka kwamba amewaambia wa hospitali basi, mashine haitaki tena. Daktari alikaa naye, mwanawe anayeishi Perth akiwa kwenye simu, wakazungumza, wakalia, wakamaliza. Hakuna aliyemlazimisha, na akili yake iko sawa.

— Sitaki kufa nikitazama damu yangu ikizunguka kwenye mipira ya mashine, alisema. Nikifika Carrum Downs yanitosha.

— Kwa nini hukuniambia?

— Ungekataa, mwanangu.

— Ningekataa.

Kwanza hasira ilimjia Wainaina. Aliona amefanywa dereva wa jeneza bila kuambiwa. Alitaka kuinuka aende zake. Lakini alimtazama yule mzee, uso umemfura, mkono umekamata fimbo kama mtu anayengoja kufukuzwa, na hasira ikakosa pa kukaa. Akamgeukia Elvire, akamuuliza kama mzee anaweza kufika. Elvire hakumficha. Alisema huenda akafika na huenda pumzi ikamwishia njiani, na kila siku wanayokaa hapo wakipanga inapunguza nafasi ya kufika. Dawa za kumtuliza hospitali itawapa wakiomba.

— Basi Ijumaa ni mbali, Wainaina alisema. Tunaondoka kesho.

Mzee Pranlal aliinamisha kichwa. Mabega yake yalitikisika, na Profesa akamshika mkono.

Elvire alikuwa bado anamtazama Wainaina.

— Na wewe, kaka, utarudi na nani?

Seneta alianza kusema kwamba yeye angekwenda, akakumbuka roster, ratiba yake ya zamu kazini. Profesa alitazama lami.  Mturuki alitoka na birika akauliza nani aongezewe, na hakuna aliyenyoosha kikombe. Wainaina alimshika mzee kwapani, akamwinua taratibu, wakaenda kufungasha.