Siku Ishirini na Nane za Abdurahmani bin Pazi, Mgema wa Kivinje

Assalamu alaykum, wazee wangu wa Kivinje, kina mama mlioko uani, na wageni mliotoka Lindi. Mimi ni Yunusu bin Pazi, mdogo wake marehemu kwa baba na mama, na familia imenitaka nisome maisha yake katika hitima hii ya siku ya tatu. Wamenisihi nisome kwa upole, nami nimewajibu kwamba nitaanza na ukweli, upole ukibaki nitautumia.

Marehemu kaka yetu Abdurahmani alizaliwa hapa Kilwa Kivinje tarehe 9 Rajabu 1283, mtoto wa kwanza wa mzee Pazi na mama yetu Samia, akaingia chuoni akiwa na miaka sita, akahitimu msahafu akiwa na miaka kumi na mmoja, na sauti yake ya kusoma mnaikumbuka, kwa kuwa mlikuwa mkimwita kwenye maulidi zenu kabla hamjaanza kumwita mlevi.

Alianza kazi ya ukwezi mwaka 1300 katika minazi ya baba, na Mdachi alipoleta kodi ya nyumba mwaka 1315 akageuka mgema, kama walivyogeuka wengi. Mgema huonja tembo la kila mnazi kabla hajauza, asubuhi na jioni, na kaka alikuwa na minazi kumi na minne. Hakuanza kwa anasa, alianza kwa kuonja, nanyi mkaja, mkakaa, mkasema pwani yote hii hakuna tembo kama lake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huyu aliposifiwa alilinywa. Nusu ya waliokalia mkeka huu wamekunywa kutoka kibuyu chake, na nusu hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikivuka njia isikutane naye.

Alimuoa Bi Mwahija binti Abdala tarehe 20 Mfungo Mosi 1303, wakajaliwa Kidawa mwaka 1305, na baada ya kuzika watoto watatu wakajaliwa Abdulatifu mwaka 1317.

Kufikia mwaka 1320 alikuwa hawezi kushika kotama, kile kisu cha kugemea, mpaka anywe kwanza ndipo mkono utulie. Shemeji yangu Mwahija alizunguka naye mwaka mzima wa 1322 akitafuta wa kumtibu. Mganga wa kwanza alisema ni pepo, akapigiwa ngoma siku saba, na wapiga ngoma wakapewa tembo ili wasichoke. Msikitini aliambiwa aje akishaacha. Sisi ndugu, nami nikiwamo, tulimfunga kamba chumbani siku nne, akatapika na kutetemeka, tukajisifu kuwa tumemponya.

Aliyemfungulia mlango ni mtu mmoja, Mwalimu Fakihi wa Rutamba, ambaye aliwahi kunywa mwenyewe akaacha, na aliwapokea wanaume wenye watoto tu, akisema mwenye mtoto ana wa kumrudia. Aliwalimisha mtama, aliwaacha watoto waje kuwatazama kila mwezi, na kila Ijumaa aliwanywesha kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji. Huko ndiko kaka alikokula yamini ya kuacha, tarehe 10 Mfungo Nne, mwezi wa kufungua mwaka 1323, na tangu siku hiyo hakuonja tone.

Rajabu ya mwaka huo vita vya Maji Maji vikafika bara ya Lindi, kikosi cha askari kikapita Rutamba siku ya Ijumaa, kikakuta wanaume wanane wakipokezana bakuli la kombe, na wakati ule bakuli la maji mkononi mwa mtu lilidhaniwa ni dawa ya vita, likatosha kumpeleka kitanzini. Mwalimu alichukuliwa pamoja na wanafunzi wake, hawakuonekana tena, nyumba na ghala vikachomwa. Kaka alikuwa kisimani, akapona, akatembea siku tisa katikati ya vijiji vilivyoungua, akafika hapa mkavu, amekonda, na hakunywa. Njaa ikaingia, na hakunywa.

Kisha Kidawa akaposwa, na wakwe walikuwa na haraka ya kwenda Unguja kukimbia njaa, wakataka ndoa ifungwe tarehe 12 Mfungo Tatu, mwezi wa kufunga mwaka. Wazee mkakaa mkasema mlevi ni fasiki, fasiki hamwozi binti yake, na toba yake hupimwa kwa mwaka mzima, mkahesabu mkakuta miezi kumi na moja na siku mbili. Abdulatifu alikuwa na miaka sita, kwa hiyo uwalii, haki ya kumwoza, ukaniangukia mimi. Kaka alinifuata akaniambia, "Yunusu, waombe wanisubiri siku ishirini na nane tu, mimi ndiye niliyemzaa." Sikuwaomba. Niliona aibu kumtetea mlevi mbele yenu, nikamwoza mwanawe.

Baada ya wiki moja alipanda mnazi. Mwahija alimtafutia pengine pa kutibiwa, akaenda Lindi, akaenda Nyangamara, na hapakuwa na mahali, maana Rutamba ilikuwa majivu. Alikunywa miaka saba, tumbo likajaa maji, macho yakawa manjano, akafariki alfajiri ya tarehe 3 Rajabu 1331, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mkewe.

Tunamshukuru mganga aliyemtuliza maumivu, majirani mliochimba kaburi, na wagema wenzake waliolala chini ya minazi siku mbili bila kugema. Nawashukuru pia wazee mliomsalia, ambao safari hii hamkuhesabu siku. Kuanzia leo chumba changu cha uani kina kitanda, mwenye baba mlevi amlete akiwa bado ananuka tembo, nitampokea.

Kaka, siku ile ya ndoa ya Kidawa ulikaa nje barazani, umevaa kanzu uliyoifua mwenyewe, una akili zako timamu, na tulipomaliza dua ndani ya nyumba yako tuliisikia amina yako kutoka nje. Mola akupe mapumziko tuliyokunyima.