Udongo wa Kimataifa

Kijiwe chetu kipo nyuma ya soko, Moshi mjini, mahali ambapo watu waliozaliwa kwenye mibuni hununua kahawa kwa kikombe na kuisifia kana kwamba wameigundua wao. Jana tulikuwa na kesi nzito. Wenseslaus amepanga kubomoa nyumba ya udongo ya mama yake kijijini Kirua Vunjo, Jumamosi hii. Krismasi ndugu wa Dar wanapanda, na wakiikuta pembeni ya jumba lake la vigae watamcheka. Tatizo, ameona kwenye simu picha za Agadez, mji wa kale wa misafara ya ngamia kule Niger, na sasa roho inasita.

WENSE: Oneni! Mji mzima udongo, mpaka mnara wa msikiti. Miaka mia tano umesimama.

INJINIA (anauza saruji, tukampa cheo): Umaskini tu huo. Saruji ilichelewa kwa ngamia.

WENSE: Na hivi vijiti vimetokeza ukutani?

INJINIA: Nondo zao hizo. Pesa iliwakatikia.

BALOZI (hajavuka Himo, mji wa hapo jirani, ila dunia yote anaijua): Nondo wapi! Vya kuanikia nguo.

WENSE: Na vichochoro mbona vimepinda hivi?

BALOZI: Mpimaji alikunywa mbege.

WENSE: Mbege? Pombe yetu ya ndizi, Niger?

BALOZI: Wewe unadhani misafara ilibeba nini? Ule mji ni wa Wachagga, bwana. Walienda biashara, wakajenga, Krismasi wakarudi nyumbani.

WENSE: Sasa kwa nini udongo wa kule uitwe urithi wa dunia, wa mama yangu uwe aibu?

INJINIA: Ule ni udongo wa kimataifa. Wa mama yako umechimbwa mgombani.

Tukacheka sana. Wense alicheka kidogo. Hapo akatokea dada yake, Mektrida, ameshuka na gari la asubuhi.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Kaka, mama anauliza, Jumamosi atoe vyombo?

— Atoe. Ahamie jumba kubwa. Lina vigae, lina maji ya moto!

— Najua, nalifagia kwa nje. Funguo unakaa nazo wewe huku mjini. Tangu ulijenge, mama amelala humo usiku gani?

Injinia alianza kusema kitu kuhusu ubora wa saruji, akaacha. Mimi niliona aibu, na jumba si langu. Wense akampigia fundi palepale, akamwambia Jumamosi asije, kisha akarudisha simu mfukoni kama mtu aliyemaliza kazi.

Mektrida hakuondoka. Alikuwa amenyoosha mkono, anasubiri funguo.