Uzio wa Mwalimu Apolonia

Wasikilizaji wapendwa, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Leo tunamkumbuka Mwalimu Apolonia wa Kishapu. Tulimzika mwezi wa tano. Nawaambia mapema, maneno matamu sina, maana mazishi yale yalinitia aibu.

Mwalimu Apolonia alifundisha sayansi shule ya msingi, miaka thelathini. Alikuwa akipanga mafungu kumi ya nyasi mezani. "Nguvu ya jua imo humu," alisema. "Ng'ombe akila mafungu haya kumi, tisa yanaishia kwenye kupumua, kutembea, joto la mwili na mavi. Moja tu ndilo linakuwa nyama na maziwa. Na wewe ukinywa maziwa hayo, unabaki na kidogo zaidi." Watoto walicheka mavi, lakini hawakusahau. Mafungu kumi, linabaki moja.

Alipostaafu akaifufua ngitili ya ukoo wao. Kwa msiotoka Usukumani, ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikielekea kwisha, nyasi zikatunzwa mpaka kiangazi. Ilikuwa imebaki vumbi. Akaizungushia uzio wa miiba kwa mikono yake, akailinda miaka saba. Haingii ng'ombe kabla ya mwezi wa nane. "Ng'ombe akifuata malisho mbali," alisema, "maziwa anayamaliza njiani."

Watu walimcheka. Eti mwalimu anafuga nyasi! Kaka yake, mzee Jilala, mwenye ng'ombe sitini, alimwambia mbele za watu: "Dada, wewe unapenda majani kuliko ndugu zako." Jamani, iliuma. Bintiye, Limi, anasema siku ile mama hakugusa chakula. Alisema tu, "Wananisubiri nife."

Mwaka huu mvua zilikuwa haba, na Mwalimu alikuwa kitandani, kifua kimembana. Kila asubuhi, kabla Limi hajamwamkia, anauliza: "Uzio umesimama?" Limi anajibu, "Umesimama, mama." Ndipo anakubali uji.

Siku ya mazishi tulijaa. Mzee Jilala alisimama kando ya kaburi, machozi yanamtoka. "Dada yangu alitufundisha kutunza," alisema. Hajamaliza, tukasikia kengele za ng'ombe. Zilikuwa karibu, upande wa ngitili. Na mfugaji anaijua kengele ya ng'ombe wake. Jilala akainamisha kichwa. Wanaume wengine watatu nao wakainamisha vichwa.

Uzio ulikatwa kwa panga asubuhi ileile, wakati wengine wanachimba kaburi. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Limi alikuwa ameshika udongo wa kumzika mama yake. Akaumwaga chini, akachukua fimbo, akaenda peke yake kuwatoa ng'ombe. Hakuna aliyemfuata. Hata mimi ninayewasimulia sikumfuata.

Juzi nilimuuliza kama ameuziba uzio. Akanijibu, "Nizibe nini, shangazi? Mafungu yote kumi wameyala."

Limi mwanangu, pole sana. Poleni ukoo mzima, na wewe mzee Jilala, pole, dada ni dada.

Wasikilizaji wapendwa, tutafakari. Mwezi wa tisa utafika. Ng'ombe watatembea kutwa nzima kutafuta majani, na jioni kibuyu cha maziwa kitakuwa kitupu. Mtoto akiuliza nyasi zilikwenda wapi, tumwambie kweli. Zililiwa mwezi wa tano, sisi tukiwa kaburini kwa mwenyewe, tunamlilia.